Mamba wa Rusizi na trela iliyoficha bidhaa

Bujumbura. Januari 12, 2007 kumbi za sinema za Marekani zilianza kuonyesha filamu ya kutisha iitwayo Primeval. Kabla ya siku hiyo watazamaji wa huko walikuwa wamekwisha kuonyeshwa trela yake: kuna muuaji, ameua watu kwa mamia, yuko Afrika, hajakamatwa mpaka leo, na habari hizi ni za kweli. Waliokata tiketi walitarajia kumwona mtu mwenye kisu. Walipoketi wakakuta muuaji ni mamba.

Mamba mwenyewe hakuwa wa kubuni. Ni Gustave, mamba wa mto Rusizi na wa fukwe za kaskazini za Ziwa Tanganyika. Mfanyabiashara aliyewahi kupita Gatumba akielekea Uvira, au aliyeshusha mizigo ya mawese kutoka Rumonge, amesimuliwa habari zake walau mara moja, na kila msimulizi humwongezea mita moja. Filamu ilimchukua mamba huyo, ikamwita muuaji wa mfululizo kama wale wa magazeti ya Marekani, ikapigwa picha Afrika Kusini, ikauzwa kwa jina la Burundi. Mapato yake ya duniani kote yalifika takriban dola milioni 15. Mwenye mtumbwi wa Bujumbura hakulipwa hata siku moja ya kukodisha mtumbwi wake.

Miezi sita baadaye, Julai 1, 2007, Burundi iliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka mmoja, sura mbili za nchi moja sokoni: moja ikiwaalika majirani kuja kufanya biashara, nyingine ikiwaambia watu wa mbali kwamba huku ukisogelea maji unaliwa.

Hapo ndipo somo la wanafunzi wa habari linapopata uzito. Katika vyuo vingi vya habari na mawasiliano duniani, zoezi la kutengeneza upya trela ya filamu ya kutisha ni la kawaida, kama ilivyo kwa mwanafunzi wa ualimu kutumwa kufundisha mbele ya wenzake. Kazi ni fupi, haizidi dakika mbili na nusu. Filamu za kutisha hazihitaji vitu vya gharama: giza, maji, mlango unaofunguka polepole. Na mwalimu anaweza kuweka trela ya asili na ya wanafunzi kwenye skrini mbili, akaona nani ameelewa kazi na nani amecheza tu. Kundi la wanafunzi wanne wa Bujumbura likipewa zoezi hilo halina haja ya kuhangaika na nyumba zenye mapepo za Marekani. Filamu ya kuiga imejaa tele kilomita chache kutoka katikati ya mji, kwenye barabara ile ile ya malori ya Kongo.

Tela linalovuta lori

Neno trela wafanyabiashara wanalijua vizuri, maana ni lile lile la tela linalofuata lori kutoka bandari ya Dar es Salaam. Matangazo ya filamu yalipoanza kuonyeshwa kumbini, huko New York mnamo 1913, yaliwekwa baada ya onyesho kwisha, yakifuata nyuma. Watu walikuwa wakiinuka kwenda zao, basi wenye kumbi wakayahamishia mbele. Jina likabaki nyuma.

Siku hizi tela ndilo linalovuta lori. Ushahidi hauhitaji kwenda Hollywood, upo Kampala. Mwaka 2010 Isaac Nabwana, mtengeneza filamu wa mtaa wa Wakaliga, aliweka kwenye intaneti trela ya filamu yake Who Killed Captain Alex? Silaha zake zilikuwa za mbao na vyuma chakavu, helikopta yake ya kompyuta, na bajeti yake yote ilisemwa kuwa haifiki dola 200. Trela ilitazamwa na mamilioni ya watu. Mmarekani mmoja, Alan Hofmanis, alipoiona alipanda ndege kuja Kampala, akamtafuta Nabwana, na mwishowe akafanya naye kazi. Dakika chache za picha ziliuza mtaa mzima, wakati filamu yenyewe watu wengi waliokuwa wakiishangaa walikuwa hawajaiona.

Kwa upande wa kuiga, walioweka kiwango ni vijana wa Ikorodu, Lagos. Kundi lao, Ikorodu Bois, mwaka 2020 lilitengeneza upya trela ya filamu ya Extraction, picha kwa picha, kwa kutumia toroli na vyombo vya nyumbani. Kilichowafurahisha watu ni kwamba toroli lilikuwa toroli kweli, nao hawakulificha, lakini kila pembe ya kamera na kila mkato ulikuwa mahali pake. Netflix iliwapelekea vifaa, na ndugu Anthony na Joe Russo, watayarishaji wa filamu hiyo, wakawapa mwaliko wa uzinduzi wa sehemu ya pili. Hiyo ndiyo siri ya zoezi hili: anayeiga kwa uaminifu hujifunza kwamba picha ya bei kubwa imejengwa kwa uamuzi, na uamuzi hauna bei.

Burundi nayo haianzii sifuri. Léonce Ngabo alitoa Gito l'ingrat mwaka 1992, filamu ndefu ya kwanza ya nchi hii, juu ya kijana anayerudi kutoka Paris na shahada mkononi akidhani uwaziri unamsubiri. Mwaka 2007, ule ule wa Primeval, kituo cha mafunzo cha Burundi Film Center kilianza kuwafundisha vijana kutengeneza filamu fupi, na 2009 Ngabo akaanzisha tamasha la FESTICAB hapa Bujumbura. Kwa filamu za kutisha kwa Kiswahili, ziko kazi za Mussa Banzi wa Dar es Salaam, Nsyuka na Shumileta, zilizouzwa kwenye kanda na diski mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mapepo yake yalikuwa ya hapa hapa, si ya kuazimwa, na ndiyo maana yaliuzika.

Dumu la njano

Swali la kwanza la kundi lolote litakuwa: mamba tutampata wapi? Jibu ni kwamba hahitajiki. Steven Spielberg alipokuwa akipiga picha za Jaws, iliyotoka 1975, papa wake wa mashine alikuwa akiharibika kila mara kwenye maji ya chumvi. Ikabidi amfiche. Badala ya papa akaonyesha mapipa ya njano yaliyofungwa kwenye mwili wa mnyama, yakikimbia juu ya maji, na watazamaji wakaogopa mapipa.

Bujumbura ina pipa lake, nalo ni bora zaidi: dumu la njano la kuchotea maji. Hakuna nyumba isiyo nalo. Picha ya kwanza: mtoto wa kike anashuka ufukweni na dumu. Picha ya pili: mawimbi. Picha ya tatu: dumu linaelea peke yake. Kisha linavutwa chini mara moja, kwa kamba iliyopitishwa kwenye jiwe zito na kuvutwa na mwanafunzi aliyesimama nje ya picha. Hakuna damu, hakuna meno, na hakuna mzazi wa Burundi ambaye hataelewa kilichotokea.

Damu ikilazimika, wapo watakaokimbilia mawese kwa sababu ya rangi yake. Waache. Mafuta hayachanganyiki na maji. Yataelea kwa matone na picha itafanana na mchuzi. Sukari iliyochemshwa na maji hadi iwe nzito, pamoja na rangi nyekundu ya chakula na kijiko cha unga wa kakao ili isiwe nyekundu mno, hufanya kazi kwa bei ya soko. Kamera ni simu. Picha zinazoonekana kama macho ya mamba hupigwa kwa kuiweka simu ndani ya chombo cha kioo au plastiki angavu na kukizamisha nusu, mstari wa maji ukate katikati ya lenzi. Uhariri hufanywa kwenye simu hiyo hiyo kwa programu za bure.

Taa za bure ziko ziwani. Usiku wavuvi wa ndagala huingia na taa kali za kuwavutia samaki, na kutoka ufukweni huonekana kama mji mwingine umejengwa juu ya maji. Mtengeneza filamu wa Ulaya angelipa fedha nyingi kupata usuli kama huo. Ila ratiba ni ya wavuvi, si ya mwalimu: mbalamwezi ikiwa kubwa, taa hazina nguvu na mitumbwi hupumzika. Kundi lisilotazama kalenda ya mwezi litafika ufukweni likute giza tupu.

Na hapa lazima neno kali lisemwe. Hatari ya kwenye trela ni ya kuigiza. Ya delta ya Rusizi si ya kuigiza. Viboko na mamba wapo, na tangu maji ya ziwa yalipopanda na kuifurika Gatumba miaka ya karibuni, mpaka kati yao na watu umezidi kupungua. Picha za ndani ya maji zipigwe kwenye bwawa la kuogelea, au kwenye karai kubwa, jambo ambalo mtazamaji hatalijua kamwe. Anayetaka mamba wa kweli kwa sekunde mbili ana makumbusho ya Musée Vivant hapa mjini, ambako mamba wamefugwa kwa miaka mingi nyuma ya ukuta. Vilevile daraja na kituo cha forodha si mahali pa kuinua kamera bila kibali. Wafanyabiashara hawahitaji kuelezwa hilo, wanafunzi huhitaji.

Sauti ndiyo nusu ya kazi, na wengi huisahau mpaka usiku wa mwisho. Trela ya kutisha huenda hivi: utulivu, kitu kidogo kisicho sawa, watu wanakana, mikato inaongeza kasi, sauti zinapanda, kimya cha ghafla, jina la filamu. Halafu, mtazamaji akidhani imekwisha, mshtuko mmoja wa mwisho. Kimya ndicho kinachofanya kazi kubwa. Anayetaka ngoma ajue kwamba ngoma za kifalme za Burundi, ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi mwaka 2014, zina sheria zake: agizo la rais la Oktoba 2017 liliziweka mikononi mwa wanaume peke yao na kutaka kibali cha wizara kwa maonyesho nje ya sherehe rasmi. Njia nyepesi zaidi ni kupiga kifuniko cha sufuria chini ya maji na kuipunguza kasi ya sauti hiyo. Muziki wa trela ya asili usiguswe. Ukipandishwa kwenye intaneti, mitambo ya kulinda haki itauzuia kabla jirani hajautazama. Kuiga picha kwa ajili ya darasa ni jambo moja, kuuza kazi iliyobeba muziki wa mwingine ni jambo jingine.

Nani aliyekufa

Kundi likifika hapa litakuwa na trela inayofanana na ile ya 2007. Linalobaki ni gumu zaidi: je, nalo lifiche bidhaa?

Kuficha si kosa katika kazi hii. Mwaka 1960 Alfred Hitchcock alitangaza Psycho kwa trela ya zaidi ya dakika sita ambamo yeye mwenyewe anatembeza watazamaji kwenye nyumba ya mauaji, na mwanamke anayepiga yowe mwishoni, Vera Miles, si yule anayeuawa bafuni kwenye filamu. Watu walichekea hila hiyo kwa miaka. Mfanyabiashara anaielewa tofauti. Kuna kuifunga bidhaa vizuri ili mnunuzi atamani kuifungua, na kuna kuandika mchele kwenye gunia la pumba. Hitchcock alifunga, aliyenunua tiketi alipata mauaji aliyoahidiwa. Primeval iliandika mchele.

Lakini mnunuzi wa Marekani alipoteza bei ya tiketi tu. Wa huku walipoteza zaidi. Watu walioliwa kwenye fukwe kati ya delta ya Rusizi na njia ya Rumonge walikuwa wavuvi, wanawake waliokuwa wakifua, watoto waliokuwa wakioga. Idadi ya 300 inayotajwa kila mahali ni ya masimulizi na haijawahi kuthibitishwa. Patrice Faye, Mfaransa aliyeishi Burundi na kumpa mamba huyo jina la Gustave, alimfuatilia kwa miaka, na makadirio yake yalikuwa ya mnyama mwenye zaidi ya mita sita, mwenye makovu ya risasi mwilini, ambaye hakuna aliyewahi kumpima. Mwanzoni alidhaniwa kuwa na miaka 100. Meno yake yaliyokuwa kamili yakafanya makadirio yashuke hadi miaka 60 hivi. Ni mnyama mkubwa wa kutosha bila kuongezewa chumvi.

Filamu haikutosheka. Ilimtia mamba kwenye sufuria moja na vita vya wenyewe kwa wenyewe, ikaanza na kaburi la pamoja linalofukuliwa, ikaweka mbabe wa kivita anayeitwa Gustave Mdogo, na kundi la waandishi wa televisheni wa Marekani katikati wakikimbia wote wawili. Warundi wamebaki kuwa chakula au wauaji. Hata hofu yenyewe imepewa Wamarekani. Wao ndio wanaoogopa kwa niaba ya mtazamaji.

Ndiyo maana mwanafunzi wa Bujumbura akiiga picha kwa picha bila kubadili kitu atakuwa ameiga pia mahali alipowekwa yeye. Mabadiliko yanayotosha ni madogo. Sauti inayosimulia iwe ya Kirundi, au Kiswahili cha Buyenzi, ambako lugha hii imekuwa ya mtaa tangu enzi za bibi zao. Anayeogopa awe yule mwenye dumu, na anayetafutwa awe mtoto wake. Maneno kwenye skrini yaseme tangu mwanzo kwamba ni mamba, kwa sababu kwa mtu anayeishi Kajaga neno hilo linatisha kuliko muuaji yeyote wa Marekani. Asiyelijua atafundishwa na lile dumu. Majina ya waliokufa kweli yasitumike, na kama tukio la kijiji fulani linaigizwa, wenyewe waulizwe kwanza. Trela itapoteza hila yake moja na kupata mtazamaji asiyejiona ameibiwa.

Kuna tukio moja ambalo lingefaa kuwa mshtuko wa mwisho, nalo ni la kweli. Faye na wenzake walijaribu kumkamata Gustave, na jaribio hilo likatengenezewa filamu ya hali halisi iliyoonyeshwa mwaka 2004. Walijenga kizimba cha chuma cha urefu wa mita 9 na uzito wa karibu tani moja, wakakiweka majini na kamera za usiku. Mamba wadogo walikuja, yeye hakuja. Katika siku za mwisho wakamfunga mbuzi hai ndani yake. Usiku mmoja ikapiga dhoruba na kamera zikazimika. Asubuhi kizimba kilikutwa kimezama nusu, na mbuzi hayupo. Kama ni Gustave, kama ni mafuriko, kama ni mwenye njaa aliyeona mbuzi wa bure, kamera haikusema.

Mwaka 2019 jarida moja la safari liliandika kwamba Gustave ameuawa. Halikuwa na picha ya mzoga. Ufukweni bado anauzwa akiwa hai.

Gharama za kundi hazina siri: kukodi mtumbwi kwa jioni mbili, kamba, sukari, rangi, vifurushi vya intaneti, na nauli. Kubwa kuliko zote ni mtumbwi, na mwenyewe alipwe hata kama mbalamwezi imeharibu picha. Soko la kuonyeshea lipo: makundi ya WhatsApp ya wafanyabiashara wa Kavimvira, Kigoma na Rumonge, ambako video ya dakika mbili hufika Uvira kabla ya lori kumaliza foleni ya Gatumba. Huko wapo watu waliovuka Rusizi mara nyingi kuliko mtengeneza filamu yeyote, na watakuwa wa kwanza kusema kama dumu limezama jinsi madumu yanavyozama.